Daktari Guttmann na saa ya kugeuza mgonjwa

Mwezi uliopita nilitoka Mombasa hadi Mugutha, pale kandokando ya barabara ya Thika ukishapita Ruiru, kumtazama mpwa wangu. Kijana huyu alikuwa mkwezi. Alianguka mnazini akavunjika uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hana hisia kiunoni kwenda chini. Sasa analelewa katika nyumba inayotunza watu kama yeye.

Juu ya kitanda chake pamebandikwa karatasi yenye saa: saa mbili usiku ubavu wa kulia, saa nne ubavu wa kushoto, saa sita chali, hivyo hivyo hadi alfajiri. Kila anayemgeuza hutia sahihi. Nilipoiona nilijisikia vibaya, na nitakueleza kwa nini. Lakini kwanza nikusimulie habari za mtu aliyeifanya karatasi ile iwe sheria.

Ludwig Guttmann alizaliwa 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, wakati ule Ujerumani, leo Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Mwaka 1917, akijitolea katika hospitali ya majeruhi, aliletewa mchimba makaa aliyevunjika mgongo, mwanamume mwenye nguvu zake. Alipoanza kuandika habari za mgonjwa, daktari mkubwa alimwambia asijisumbue, kwani yule angekufa baada ya wiki chache. Kweli, wiki ya tano akafa kwa vidonda na usaha. Guttmann hakumsahau mtu yule maisha yake yote.

Alisomea udaktari akawa bingwa wa mishipa ya fahamu. Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933 walimfukuza kazini kwa sababu ya asili yake, akahamia hospitali ya Mayahudi mjini Breslau, na baadaye akawa mkuu wake. Usiku wa 9 Novemba 1938, Mayahudi walipokuwa wakipigwa na kukamatwa nchi nzima, aliamuru kila atakayekimbilia hospitali apokewe bila kuulizwa. Asubuhi askari walikuja kuwahesabu. Alisimama nao kitanda kwa kitanda, akimzulia kila mmoja ugonjwa. Kati ya watu 64, aliwaokoa 60. Sisi tunaosoma kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote, tunajua uzito wa jambo hilo.

Machi 1939 alikimbilia Uingereza na mkewe na watoto wawili. Miaka ya mwanzo alipewa kazi ya utafiti tu mjini Oxford. Kisha vita vikaleta askari wengi waliovunjika migongo, na serikali ikamwomba aanzishe kituo chao katika hospitali ya Stoke Mandeville. Kilifunguliwa 1 Februari 1944.

Wenzake walimwonea huruma. Nani angetaka kazi ya kuwasubiri watu wafe? Wagonjwa hao walikuwa wakifungwa plasta, wakipewa dawa za kutuliza maumivu na kuachwa wamelala. Wengi hawakumaliza miaka miwili. Guttmann aliona kwamba hawauawi na mgongo uliovunjika. Waliuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo, na yote mawili yanazuilika. Akavua plasta. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na usiku alizunguka wodini mwenyewe kuhakikisha. Alikuwa mkali, wauguzi walimwogopa. Lakini vidonda vilipona, na watu waliokwisha kuliliwa wakaanza kukaa.

Hakuishia hapo. Alitaka mgonjwa awe na kazi ya mikono, awe na sababu ya kuamka. Akaleta useremala, utengenezaji wa saa, na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, watu 16 kwenye viti vya magurudumu, wawili wao wanawake, walishindana kulenga kwa upinde uwanjani kwake. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifika Roma yakiwa na wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Ndiyo Paralimpiki ya leo. Kenya yetu iliingia mwaka 1972 kule Heidelberg, katika nchi ileile iliyomfukuza. Guttmann alifariki 18 Machi 1980.

Sasa nirudi kwangu. Mpwa wangu alipoanguka, hospitali iliyompokea ilimlaza chali siku kumi na moja. Alitoka na kidonda kikubwa kama kiganja. Nililalamika sana, na nilikuwa na haki. Lakini nyumbani nako, dada yangu alipotaka kumwamsha usiku amgeuze, mimi mjomba mtu ndiye niliyemwambia amwache kijana apumzike. Niliona ni huruma. Baada ya wiki tatu kidonda kilifika mfupa.

Tunapenda kusema tumemwachia Mungu. Sawa, lakini tumeamrishwa kumfunga ngamia kwanza. Kumgeuza mtu hakuhitaji mashine wala shahada. Kunahitaji mikono miwili, mto, na mtu anayekubali kukatiza usingizi wake. Hilo lafundishika katika kila zahanati, kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Isiwe lazima kijana wa Pwani asafirishwe kilomita 500 hadi Mugutha ndipo apate wa kumgeuza.

Nilikesha naye usiku mmoja. Saa nane nikamgeuza mwenyewe, nikatia sahihi. Hakuamka.

Wallahu aalam.