Sydney Ringer na Moyo wa Chura

Askari aliyepata kulazwa kwa jeraha au kwa kipindupindu huenda amekesha akiitazama chupa ya maji iliyotundikwa juu ya kitanda chake, ikidondosha tone baada ya tone mshipani. Mara nyingi kibandiko cha chupa hiyo huwa na neno Ringer. Hilo ni jina la mtu, na leo twapenda kumweleza.

Sydney Ringer alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1835. Ndugu zake walikwenda Mashariki ya Mbali kufanya biashara, na mmoja wao, Frederick, akatajirika huko Nagasaki. Yeye alibaki London, akahitimu udaktari mwaka 1860, akatumikia hospitali ya University College mpaka alipostaafu.

Mwaka 1882 alitangaza kwamba moyo wa chura uliotolewa kifuani huweza kuendelea kupiga ukiogeshwa kwa maji yenye chumvi. Lakini jaribio liliporudiwa, moyo ulilegea, na baada ya dakika 20 hivi ukasimama. Kumbe hapo kwanza chumvi ile ilikorogwa kwa maji ya bomba ya London, wala si kwa maji yaliyokenekwa, na maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu, madini ya chokaa. Daktari mwenye sifa kama zake angeweza kunyamaza. Ringer alichapisha taarifa nyingine mwaka 1883, akakiri kosa la ile ya kwanza, na akaonyesha kwamba pasipo kalsiamu moyo haupigi. Sisi twaihesabu taarifa hiyo ya pili kuwa kubwa kuliko vitabu vyake vyote.

Katika miaka ya 1930 Alexis Hartmann, daktari wa watoto wa St. Louis, Marekani, aliongeza lakteti katika maji hayo, kwa ajili ya watoto ambao damu yao imezidi asidi. Lita moja hutiwa gramu 6 za chumvi ya kawaida, na kalsiamu kidogo sana.

Kidogo hicho ndicho kimlazimucho tabibu wa kikosi kusoma kibandiko kabla ya kutundika. Damu ya akiba hutiwa sitrati isigande. Ikikutana na kalsiamu yaweza kuganda ndani ya mrija, hivyo huandamana na maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Seftriaksoni, dawa itumiwayo sana kwa maambukizo, hufanya punje pamoja na kalsiamu. Watoto wachanga walikufa kwa sababu hiyo, na mwaka 2007 wakuu wa dawa wa Marekani wakatoa onyo. Kwa mtu mzima moja hutangulia, mrija ukasafishwa vyema, ndipo nyingine ifuate. Fenitoini, dawa ya kifafa, haivumilii maji ya sukari; huchanganywa na maji ya chumvi tu.

Ringer alistaafu mwaka 1900, akahamia kijiji cha Lastingham, Yorkshire, ambako zamani alikuwa amelikarabati kanisa kwa kumbukumbu ya binti yake. Alifariki huko Oktoba 1910.