Kibuuka: Mungu wa vita aliyerudi Uganda bila kufika Mbaale

KAMPALA. Jumba la Makumbusho la Uganda, katika kilima cha Kitante, limehifadhi masalia ya Kibuuka, ambaye Waganda wa zamani walimwabudu kama mungu wa vita.

Masimulizi ya Buganda yanaeleza kuwa Kibuuka alitoka visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria, na alikuwa ndugu yake Mukasa, mungu wa ziwa hilo. Kabaka Nakibinge, anayekadiriwa kutawala katika karne ya 16, alipozidiwa na majeshi ya Bunyoro, aliomba msaada Ssese. Mukasa akamtoa Kibuuka, lakini akamwonya afiche mahali anapopigania na ajiepushe na wanawake wa upande wa adui.

Kibuuka, ambaye jina lake linahusishwa na neno la Kiganda la kuruka, alijificha ndani ya wingu na kuwapiga Wanyoro kutoka juu. Baada ya ushindi alimchukua mwanamke mateka, akamfunulia siri yake. Mwanamke huyo alitoroka na kurudi kwao. Katika vita vilivyofuata, Wanyoro walielekeza mishale winguni. Kibuuka alijeruhiwa, akaangukia mti mkubwa huko Mbaale, Mawokota, katika wilaya ya leo ya Mpigi, akafariki. Nakibinge naye aliuawa vitani.

Hekalu lake lilijengwa Mbaale. Mfupa wa taya yake ulihifadhiwa humo, kama ilivyokuwa desturi kwa makabaka hadi Muteesa wa Kwanza, aliyezikwa mwili mzima Kasubi mwaka 1884.

Vita vya dini vya mwishoni mwa karne ya 19 viliharibu hekalu hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari Mwingereza John Roscoe aliyapata masalia na kuyapeleka Cambridge, Uingereza. Yalirudishwa mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru.

Nchini Tanzania, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, likapelekwa hadi Kalenga, Iringa, palipokuwa makao yake. Masalia ya Kibuuka yaliishia Kampala. Wakati nchi za Afrika Mashariki zikiendelea kudai mali na mifupa iliyochukuliwa na wakoloni, historia yake inaonyesha kuwa kurudishwa nchini si sawa na kurudishwa nyumbani. Jumba la makumbusho huhifadhi, lakini si kaburi.