Tom Campbell Black, rubani aliyeota mabawa jeshini

Nilipokuwa mtoto, likizo za shule nilizimalizia Kibwezi kwa mjomba wangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Sisi watoto wa Mombasa tuliona Kibwezi ni ugenini mkubwa: mibuyu kila upande, mashamba ya mkonge, milima ya Chyulu kwa mbali, na Wakamba wakiuza asali dirishani gari la moshi liliposimama. Lakini nilichokingojea mimi si asali. Nilingoja mlio wa ndege. Ilipopita juu ya stesheni nilikimbia nje nikaifuata kwa macho mpaka ikawa nukta, kisha nikarudi kumwambia mjomba kwamba nami nitakuwa rubani, inshallah.

Mjomba hakunicheka. Aliniambia kwamba mtoto asiye na baba tajiri ana mlango mmoja tu wa kufikia kiti kile, nao ni jeshi. Serikali ikulipie mafunzo, uitumikie miaka yako, kisha utoke na kazi mkononi. Kenya ilikuwa na jeshi lake la anga tangu tarehe 1 Juni 1964, na maneno ya mjomba yaliniingia. Mwaka 1982 nilikuwa na fomu tayari. Ikafika tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga wakajaribu kuipindua serikali, na jeshi lile likavunjwa. Mama alikuja chumbani, akaitoa ile fomu chini ya mto, akaichana vipande vidogo vidogo. Hakusema neno, na mimi sikuuliza.

Basi nilipokuja kusoma habari za Tom Campbell Black, nilizisoma kama mtu anayesimuliwa safari aliyoikosa yeye mwenyewe.

Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1899 katika mji wa Brighton, Uingereza. Alikuwa bado kijana mdogo Vita Kuu ya Kwanza ilipomkuta, akaingia katika kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji la Uingereza. Tarehe 1 Aprili 1918 kikosi hicho kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu likapatikana jeshi la anga la kifalme. Vita vilipokwisha Novemba mwaka huo Black alikuwa hajatimiza miaka 19, na tayari alikuwa rubani. Asingeweza kuujifunza ufundi ule mahali pengine kwa urahisi. Ndege zilikuwa kitu kipya, na wenye fedha za kuwafundisha vijana kwa mamia walikuwa ni wenye vita.

Hapa nataka nisimame kidogo, ndugu msomaji. Vita vilevile vilifika huku kwetu. Wajerumani walivuka mpaka wakatega baruti kwenye reli ya Mombasa, na mwaka 1915 Waingereza wakaleta ndege zao za kivita Maktau, upande wa Taita. Vijana wa Ukambani na wa pwani nao walichukuliwa na jeshi, lakini hakuna aliyepewa usukani. Walipewa mizigo vichwani. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi inakumbusha kikosi cha wapagazi wale, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Jeshi moja, vita vimoja. Huyu alitoka na ufundi wa maisha, yule hakurudi.

Baada ya vita Black alikuja Kenya kulima. Kulima hakukumtosha. Mwaka 1929 Bi Florence Wilson, mjane Mwingereza mwenye moyo wa kiume, alianzisha shirika la Wilson Airways mjini Nairobi likiwa na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, na Black akawa rubani wake mkuu na msimamizi. Wakabeba barua, abiria na wagonjwa. Baadaye ndege za shirika hilo zilifika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Marubani wa siku hizo hawakuwa na mitambo ya kuwaongoza kama hii ya leo. Dira yao ilikuwa reli, na reli ya Mombasa inapita Kibwezi. Wazee walioinua vichwa miaka ile wakaona kidude kinanguruma juu ya mibuyu, huenda walikuwa wakimtazama yeye.

Anga ile haikuwa na huruma. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu, alianguka na ndege yake Voi akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Jina la bwana linajulikana dunia nzima. La mtumishi utalitafuta sana. Mwanafunzi wa Black, Beryl Markham, alikuwa nusura aifuate safari hiyo, na ameandika kwamba ni mwalimu wake aliyemsihi asiende. Bibi huyo baadaye alifanya kazi ya kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani, pande za Makindu, jirani na Kibwezi.

Mwaka huohuo wa 1931 likatokea jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mjerumani Ernst Udet, aliyeangusha ndege 62 za maadui katika vita, alipotea na fundi wake katika mabwawa ya Mto Naili huko Sudan. Aliyeruka kumtafuta akampata akiwa hai ni Tom Campbell Black. Miaka 13 tu nyuma yake, kila mmoja wao alikuwa amefundishwa kumwinda mwenzake.

Mwaka 1932 alirudi Uingereza kuwa rubani wa tajiri mmoja, Lord Furness. Tarehe 20 Oktoba 1934 yeye na mwenzake Charles Scott waliondoka Mildenhall katika mashindano ya kwenda Melbourne, Australia, wakipitia Baghdad, Allahabad na Singapore. Ndege yao nyekundu iliitwa Grosvenor House. Injini moja iliwasumbua walipokaribia Darwin, lakini hawakukata tamaa, wakafika wa kwanza kwa muda wa saa 71 hivi. Mwaka uliofuata alimwoa mwigizaji Florence Desmond.

Septemba 1936 mwanafunzi wake Beryl alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Black naye alikuwa akijitayarisha kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Tarehe 19 ya mwezi huo, katika uwanja wa Speke, Liverpool, alikuwa ameketi ndani ya ndege yake ndogo, Miss Liverpool, ikiwa bado ardhini. Ndege nyingine iliyokuwa ikienda chini uwanjani ikamgonga, pangaboi lake likakata mpaka pale alipoketi. Ndege iliyomuua ilikuwa ya jeshi la anga la kifalme. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, jeshi lilizichukua ndege za Wilson Airways pamoja na marubani wake, na shirika halikufufuka tena. Jina limebaki kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi.

Ramadhani iliyopita, baada ya kufuturu, mtoto wa dada yangu alinionyesha fomu yake ya kuingia jeshini, anataka urubani. Nilimsimulia yote haya, Udet na Speke na wapagazi wa Kariakoo. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama bibi yake anaweza kufichwa habari hii mpaka majibu yatoke.