Kasisi wa Juu ya Farasi: Maisha ya John Wesley



Kila mwaka tarehe 24 Mei Kanisa la Uingereza huwakumbuka ndugu wawili, John na Charles Wesley. Charles tunamfahamu kwa nyimbo zake, ambazo twaziimba hata leo. Mara hii tumtazame John, na hasa jambo moja katika maisha yake: jinsi alivyosafiri kwa farasi miaka zaidi ya 30, katika baridi na maumivu, hata mwili wake ulipozeeka.

Alizaliwa mwaka 1703 huko Epworth, ambako baba yake, Samuel, alikuwa kasisi. Alipokuwa na miaka mitano nyumba yao iliungua usiku, naye akatolewa dirishani muda mfupi kabla paa halijaanguka. Alisoma Oxford, akawekwa shemasi mwaka 1725 na kasisi mwaka 1728. Alikwenda Georgia, Marekani, akarudi amevunjika moyo. Kisha jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo mjini London, alipata uhakika moyoni kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake. Tangu hapo hakuweza kukaa kimya.

Lakini makanisa mengi yalimnyima mimbari. Basi tarehe 2 Aprili 1739 alisimama nje, huko Bristol, akahubiri mbele ya watu walioketi chini ya mbingu. Wengi wa wasikilizaji wake walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafumaji na vibarua, watu ambao hawakuzoea kuingia kanisani. Vikundi vya waumini vilianzishwa London, Bristol na Newcastle, kisha kila upande wa nchi. Nani angewatembelea? Barabara zilikuwa mbovu, na kutoka London hadi Newcastle ni karibu maili 280. Wesley akapanda farasi.

Kwetu sisi theluji ni ile tunayoiona kwa mbali juu ya Kilimanjaro. Kwake ilikuwa njiani. Mwezi wa Februari 1747, akiwa na miaka 43, alitoka London kuelekea kaskazini pamoja na wenzake. Upepo ulikuwa mkali hata walipofika Hatfield hawakuweza kutumia vema mikono wala miguu. Mbele zaidi mvua ya mawe iliwapiga usoni wasiweze kuona. Hata hivyo saa 12 jioni alikuwa akihubiri huko Potton. Kesho yake mvua ilipenya nguo zao zote, nayo ikaganda kuwa barafu juu ya nyusi zao. Penginepo theluji ilikuwa imerundikana kiasi cha kutaka kummeza farasi na mpandaji wake. Jua lilipokuchwa waliingia katika mji mdogo, wamechoka na kuganda kwa baridi, lakini wazima.

Saa hizo nyingi za safari hakuzipoteza. Alilegeza hatamu, akafungua kitabu na kusoma. Aliona kwamba farasi aliyeachiwa hatamu hujikwaa mara chache kuliko yule anayevutwa-vutwa. Tena aliwaagiza wahubiri wake wawahurumie wanyama wao: wasiwakimbize kupita kiasi, na kila mtu ahakikishe kwa macho yake mwenyewe kwamba farasi wake amesuguliwa, amelishwa na kutandikiwa majani ya kulalia.

Mwili wake haukuwa wa chuma. Februari 1751 alianguka kwenye barafu juu ya daraja la London, akaumia kifundo cha mguu, na kwa kuwa hakuweza kusimama akahubiri amepiga magoti. Mwaka 1753 aliugua sana, akidhani atakufa, hata akajiandikia maneno ya kaburini. Desemba 1765, akiwa na miaka 62, farasi wake aliteleza katika mtaa wa London, akaanguka na kumlalia mguu. Mkono, kifua, goti na kifundo viliumia na kuvimba. Alichukua gari, akaendelea hadi Shoreham, na huko akajipaka molasi, ule utomvu mweusi wa sukari, mara mbili kwa siku mpaka maumivu yakapungua. Baadaye akarudi tena juu ya tandiko.

Tusifiche upande wa pili. Juma lile lile la kupona kifundo, mwaka 1751, alimwoa mjane aitwaye Mary, naye aliamini kwamba mhubiri akioa hana ruhusa ya kupunguza safari hata siku moja. Ndoa hiyo haikuwa na amani, na mwishowe waliishi mbalimbali. Mary alipofariki mwaka 1781, habari zilimfikia mumewe baada ya mazishi. Ndugu yake Charles alichagua njia nyingine: kuanzia mwaka 1756 hivi aliacha safari ndefu, akakaa na jamaa yake na kuchunga waumini wa karibu. Hatusomi kwamba Mungu alimtupa kwa sababu hiyo. Bidii ni njema, lakini bidii isiyotazama nyumbani huacha jeraha.

Ikafika siku ambayo farasi nao walikuwa wazito kwake. Mwanzoni mwa 1772, akiwa na miaka 68, alikuwa na jeraha lililofanya kukaa juu ya tandiko kuwa mateso. Rafiki zake walimwonea huruma, wakachanga fedha ili asafiri kwa gari la kukokotwa. Ilihitajika hata apasuliwe na daktari, Januari 1774. Je, mzee aliyezoea kujitegemea alikasirika? La. Aliupokea mchango ule kwa utulivu, kwa kuwa hakuwa akimtumikia farasi. Farasi alikuwa chombo tu, na watu waliomngoja ndio waliokuwa kazi yake. Ndani ya gari alisoma na kuandika kama kawaida. Wala gari halikuwa na usalama wote: Juni 1774 farasi waliokuwa wakilikokota walitoroka nalo mteremkoni, akiwamo na watoto, lakini hakuna aliyeumia.

Wala baridi haikumfunga nyumbani. Januari 1785, akiwa na miaka 81, alitembea kwa miguu siku kadhaa katika mitaa ya London, theluji inayoyeyuka ikimfika kwenye vifundo, akiomba fedha za kuwanunulia maskini nguo. Alipata pauni 200, kisha akaugua. Oktoba 1790 alihubiri nje kwa mara ya mwisho, chini ya mti huko Winchelsea. Hubiri lake la mwisho kabisa lilikuwa Februari 1791, na siku iliyofuata alimwandikia mbunge Wilberforce barua ya kumtia moyo aendelee kupinga biashara ya watumwa. Alifariki London tarehe 2 Machi 1791, akiwa na miaka 87, angali kasisi wa Kanisa la Uingereza. Inakadiriwa kwamba alisafiri maili 250,000.

Katika mitaa yetu wako wazee ambao magoti yanauma, na bado hutembea asubuhi ya Jumapili wakati barabara ni tope. Tusiwaambie tu wakae nyumbani wapumzike. Tufanye kama wale rafiki wa Wesley: tutafute gari, au baiskeli, au bega la kuegemea. Na ninyi wazee wetu, msaada ukija, msione aibu kuupokea. Kushuka juu ya farasi si kuiacha safari.

Bwana atujalie sote kumaliza mwendo.