MAISHA YA SHAABAN ROBERT, MTUNGAJI WA NCHI ILIYO ANGANI

Muhula huu mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua marehemu Shaaban Robert. Sababu yangu ni hii. Duka moja la vitabu mjini Dodoma limepokea vitabu vipya vya hadithi za kubuni: vya watu wanaosafiri baina ya nyota, vya mashine zinazofikiri, vya majoka na wachawi. Vyote ni vya Kiingereza. Wenzangu wa bweni letu wamechanga fedha wakanunua vitatu, na kila kimoja husomwa kwa zamu mpaka jalada limeanza kuchakaa. Mimi nimevisoma vyote vitatu na vimenipendeza sana.

Lakini katika mazungumzo yetu baada ya chakula cha jioni yalizuka maneno mawili. La kwanza ni kwamba watungaji wa kwetu hawakupata kubuni nchi isiyokuwapo duniani. Kazi hiyo ni ya Wazungu. La pili ni kwamba hadithi za namna hiyo ni za kupitisha wakati tu, na mtahiniwa wa Kidato cha Nne aziache. Maisha ya Shaaban Robert yanajibu maneno yote mawili, na sehemu ya maisha hayo aliishi hapa hapa kwetu, katika nchi ya kati.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Asili ya wazee wake ni Wayao, bali yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Alipelekwa Dar es Salaam kusoma katika shule ya Msimbazi tangu mwaka 1922 mpaka 1926. Wanafunzi 11 walipata cheti cha kumaliza masomo, naye alikuwa wa pili kati yao. Hapo alikuwa na umri wa miaka 17, ndio umri wangu mimi ninayeandika habari hizi. Darasa lake lilikwisha hapo. Hakuingia chuo kikuu, maana zamani hizo Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Yaliyobaki alijifunza kwa kusoma mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akapelekwa Pangani. Kazi ya karani wa forodha ni kuandika mizigo inayoingia na inayotoka, aina yake, idadi yake na ushuru wake. Si kazi inayomwita mtu atunge mashairi. Hata hivyo alitunga, na gazeti la Mambo Leo likayachapa mashairi yake, hata jina lake likajulikana kwa watu ambao hawakupata kumwona uso. Huko pwani alimwoa Amina, naye alipofiwa na mke huyo alimtungia shairi la maombolezo ambalo limesomwa shuleni kwa miaka mingi. Aliachiwa watoto wadogo. Aliwatungia tenzi mbili za mafundisho, moja ya binti yake na moja ya mwanawe wa kiume, ili wasikose maneno ya mzazi hata kama yeye naye angefariki.

Mwaka 1944 aliiacha forodha akahamishiwa idara ya wanyama, ndipo alipokuja Mpwapwa. Ndugu zangu, sisi tunaijua njia ya kwenda huko. Ukishuka garimoshi Gulwe unaona milima ya Kiboriani mbele yako, na mibuyu, na vumbi jekundu, na ng'ombe wakirudi jioni. Kwa mtu aliyezoea minazi na maji ya bahari, nchi yetu ya upepo mkavu ilikuwa ngeni kabisa. Ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vitu vilikuwa haba. Tena ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Katika chombo cha safari, katika mshahara na katika cheo, Mzungu alikuwa na mahali pake, Mhindi pake, na Mwafrika pake palikuwa pa chini. Karani aliyejua kuandika kuliko bwana wake hakuwa na ruhusa ya kusema waziwazi kwamba jambo hilo ni dhuluma. Shaaban Robert ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi ubaguzi ulivyomgusa yeye mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliendelea na kazi yake, na mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha tangu mwaka 1952 katika idara ya upimaji wa ardhi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1951 kampuni ya Nelson ya Uingereza ilitoa kitabu chake kiitwacho Kusadikika. Nchi ya Kusadikika haiko juu ya ardhi, inaelea angani. Humo kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri, jina lake Majivuno. Karama akisimama kujitetea hasemi habari zake mwenyewe. Anawasimulia wenye baraza habari za wajumbe sita waliotumwa zamani pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na chini ya ardhi. Kila mmoja alipata taabu kubwa, akaona nchi zilizostaarabika, akarudi na mashauri ya kuifaa nchi yake. Na kila mmoja, badala ya kushukuriwa, alitiwa gerezani. Mwisho wa kesi mfalme anamwachilia Karama na wafungwa wale pia.

Msomaji na akumbuke mwaka wenyewe. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza, na chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa. Kilizaliwa mwaka 1954. Laiti mtu angeandika kwamba wenye nchi hawana sauti katika mahakama na mabaraza ya nchi yao, ni nani angekubali kumchapia? Lakini kuhusu nchi iliyo angani, yenye waziri aitwaye Majivuno, nani angemshitaki? Waziri gani angejitokeza kusema kwamba Majivuno ni yeye? Kwa hiyo kitabu kilipigwa chapa Uingereza kwenyewe, kikaja kuuzwa katika nchi yetu na kusomeshwa katika shule. Watu wakakisoma wakaelewa.

Mwaka uliofuata, 1952, kampuni ya Macmillan ilitoa Adili na Nduguze. Adili ni liwali katika nchi ya mfalme Rai. Yeye ana manyani wawili, na kila usiku huwachapa mijeledi huku akiona uchungu. Siri ikafichuliwa: manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa kuona wivu, na jini aitwaye Huria alimwokoa, akawageuza wanyama, tena akamwamuru Adili kuwapiga kila usiku. Kuna pia mji mzima ambao watu wake wamegeuka mawe, akabaki msichana mmoja tu. Hadithi hiyo ina undugu na mojawapo ya hadithi za Alfu Lela Ulela, bali mtungaji ameigeuza ikawa habari ya moyo wa mtu anayelazimishwa kuwaadhibu wale anaowapenda.

Kitabu cha tatu cha namna hiyo, Kufikirika, hakikutoka wakati wa uhai wake. Kilichapishwa mwaka 1967. Humo mfalme hana mtoto, na waganga wa kila aina wanaitwa. Baadaye mtoto akiisha kupatikana na kuugua, dawa inayotakiwa ni damu ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Ndipo panapotokea swali kama ni haki kuwaua watu wawili ili mtoto wa mfalme apone.

Sisemi kwamba alianza bila kuona vitabu vya watu wengine. Zamani zake maduka ya vitabu na maktaba za misheni ziliuza hadithi za kigeni zilizofasiriwa kwa Kiswahili, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotolewa mwaka 1929. Na Mwailandi Jonathan Swift alikwisha kubuni kisiwa kinachoelea angani katika kitabu chake cha mwaka 1726. Mtungaji mzuri hujifunza kwa wenziwe. Jambo la kutazama ni kile alichopakia katika chombo alichokiazima, na Shaaban Robert alipakia shida za watu wake.

Wako wenzetu wanaosema vitabu vyake ni vizito, na kwamba mafundisho yamezidi. Kuna ukweli katika neno hilo. Watu wake huitwa kwa sifa zao, hata ukisikia jina Hasidi umekwisha kujua atakalotenda. Wala humo hamna mashine wala elimu ya nyota kama katika vitabu vilivyofika mjini. Mimi mwenyewe nilipoanza Kusadikika nilisinzia katika kurasa za mwanzo. Lakini nilipofika kwa wajumbe wale wa mbinguni na wa chini ya ardhi sikukiweka kitabu mpaka kengele ya kuzima taa ilipolia.

Mbali na hadithi, aliandika mashairi, insha, habari za maisha yake, na habari za maisha ya mwimbaji Siti binti Saad wa Unguja. Aliyafasiri mashairi ya Omar Khayyam. Alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, alipata tuzo ya Margaret Wrong, na Serikali ya Kiingereza ilimpa nishani ya M.B.E. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akauona. Miezi sita baadaye, Juni 1962, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 53. Kaburi lake liko Machui, karibu na alikozaliwa. Vitabu vyake kadha vilitolewa baada ya kifo chake, na leo iko barabara Dar es Salaam yenye jina lake.

Ndugu zangu wanafunzi, nayatazama maisha haya nikiwa na miaka 17, nikingoja mtihani. Karani wa forodha aliyemaliza darasa katika umri huu huu alitunga nchi tatu zisizokuwapo, akiwa na kalamu, taa na kazi ya serikali ya kutwa nzima. Alifanya hivyo si kwa kuikimbia dunia, bali kwa sababu duniani hakupewa mahali pa kusemea. Sisi tunapo mahali pa kusemea, walau kurasa za gazeti hili.

Basi vitabu vipya tuvinunue na tuvisome, maana ni vizuri. Lakini tukienda tena dukani, tumwulize mwenye duka kama anacho Kusadikika, na kama hanacho tumwombe akiagize. Na aliye na nchi yake kichwani, iwe juu ya mawingu au chini ya mibuyu ya Mpwapwa, aiandike kwa Kiswahili na kuileta kwa mhariri. Kurasa mbili za toleo lijalo zimewekwa kwa ajili ya hadithi za kubuni, na mwisho wa kupokea karatasi ni wiki ya pili ya muhula ujao.