Bibi Olave Baden-Powell, Mlezi wa Wasichana Wakubwa

Sisi tukaao Kitete, katika mji wa Tabora, twakaa juu ya njia ya kale ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa wakienda Bagamoyo na kurudi, na wengine wakaendelea hata Ujiji. Katika misafara ile walikuwamo wanawake pia, wamechukua vyungu na mikeka, na wengine watoto mgongoni. Walilala porini, wakawasha moto, wakavuka mito. Walakini leo binti aliyetimiza miaka kumi na sita akiomba ruhusa ya kwenda kambini pamoja na wenzake, huambiwa ya kuwa pori si mahali pa msichana mkubwa. Neno hili tumelisikia mara nyingi katika vikao vya wazee. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya bibi mmoja aliyejibu neno hilo kwa kazi yake.

Olave Soames alizaliwa karibu na Chesterfield, Uingereza, tarehe 22 Februari 1889. Baba yake alikuwa tajiri, mwenye kiwanda cha pombe. Mtoto huyu hakupelekwa shule. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike. Alipenda sana kuogelea, kupiga makasia, kucheza tenisi na kuteleza juu ya barafu. Lakini alipokuwa mkubwa hakuwa na kazi yo yote, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya mabinti wa matajiri siku zile. Alikuwa na nguvu nyingi, wala hakuona mahali pa kuzitumia.

Mwezi wa Januari 1912 alisafiri kwa meli pamoja na baba yake, na humo melini akakutana na Jenerali Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Jenerali huyu alikuwa amemzidi kwa miaka thelathini na miwili, lakini walipendana, wakaoana tarehe 30 Oktoba mwaka ule ule. Kisha wakajaliwa watoto watatu. Wakati huo skauti wa kike walikuwa wamekwisha kuanza. Mwaka 1909, katika mkutano mkubwa wa skauti huko London, walitokea wasichana ambao hawakualikwa, wakataka nao wahesabiwe. Ndipo mwaka 1910 kikaundwa chama cha Girl Guides, chini ya uongozi wa Agnes, dada yake Jenerali. Watu wengi walinung'unika, wakihofu ya kuwa wasichana watakuwa kama wavulana.

Mwaka 1914 Bibi Olave alijitoa kukisaidia chama hicho, akakataliwa, kwa kuwa alionekana bado kijana mno. Hakuona uchungu wa kumfanya aache. Wakati wa vita alikwenda Calais, Ufaransa, akawahudumia askari katika nyumba ya mapumziko. Aliporudi akapewa kazi katika jimbo la Sussex, mwaka 1916. Ni mwaka ule ambao majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora yetu, mwezi wa Septemba. Huko Sussex kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta wanawake wazima walio tayari kuwaongoza wasichana, maana aliona ya kuwa wasichana si wachache, bali viongozi ndio wachache. Alifanya vizuri sana, hata mwezi wa Oktoba mwaka huo akachaguliwa kuwa kamishna mkuu, naye ana miaka ishirini na saba tu. Mwaka 1918 akafanywa Kiongozi Mkuu wa Girl Guides wa Uingereza, na mwaka 1930 wa dunia yote.

Basi, chama kilikuwa na kundi la watoto wadogo na kundi la wasichana wa makamo. Lakini waliokwisha kupita miaka kumi na sita walikuwa katika hatari ya kupotea: wengine waliingia kazini, wengine walifungiwa nyumbani. Kwa ajili yao kikaanzishwa kikundi cha wakubwa, nacho mwaka 1920 kikapewa jina la Rangers. Hao walipewa safari ndefu za miguu, kambi za mahema na mashua majini, pamoja na kujifunza kuwahudumia wagonjwa na walioumia. Watu wazima nao walitoa mali zao. Mwaka 1922 mama mmoja wa Marekani alikitoa kiwanja na nyumba ya Foxlease, huko Uingereza, pawe mahali pa mafunzo na kambi. Na mwaka 1932 ikafunguliwa nyumba ya milimani huko Adelboden, Uswisi, kwa fedha za mama mwingine wa Marekani, ili wasichana wa mataifa yote wapande milima pamoja.

Hatupendi kuficha upungufu wa chama hiki. Katika Afrika ya Kusini wasichana wa Kiafrika walitengwa katika chama cha peke yao, nao hawakuunganishwa na Girl Guides mpaka mwaka 1936. Hata hivyo mbegu ilienea. Hapa Tanganyika ilipandwa mwaka 1928.

Mwaka 1938 Bibi Olave na mumewe, aliyekuwa amechoka na kuugua, walihamia Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu. Huko Jenerali akafariki tarehe 8 Januari 1941. Mjane huyu angaliweza kukaa kimya. Lakini mwaka 1942 alirudi Uingereza kati ya hatari za vita, akaendelea na kazi, na baada ya vita akazitembelea nchi nyingi, mpaka waganga walipomkataza kusafiri. Alifariki tarehe 25 Juni 1977, na majivu yake yakaletwa Nyeri, yakazikwa katika kaburi la mumewe.

Ndugu wasomaji, bibi huyu alikuwa binti mwenye nguvu asiyepewa kazi, kisha akakataliwa kwa ujana wake. Je, mabinti wetu wangapi wako katika hali hiyo? Hofu ya wazazi si upumbavu. Pori lina nyoka, na njia zina watu wabaya. Lakini dawa ya hofu hiyo si kufunga mlango. Dawa ni mama wawili au watatu waaminifu watakaolala kambini pamoja nao; wazazi waambiwe mahali pa kambi na siku ya kurudi; maji yachemshwe; sanduku la dawa liwepo, na zahanati isiwe mbali. Hayo yote usharika waweza kuyafanya. Wasichana wako tayari, na njia ya bibi zetu ingaliko. Wanaokosekana ni watu wazima wa kufuatana nao.