Theodore Maiman

Theodore Harold Maiman (Los Angeles, 11 Julai 1927 – Vancouver, Kanada, 5 Mei 2007) alikuwa mhandisi na mwanafizikia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuunda leza ya kwanza iliyofanya kazi, tarehe 16 Mei 1960.

Maisha

Baba yake alikuwa mhandisi wa umeme. Theodore alikulia Denver, na tangu ujana alijipatia fedha kwa kutengeneza vyombo vya umeme. Alisoma Chuo Kikuu cha Colorado, kisha Stanford, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1955. Mwaka uliofuata aliajiriwa na maabara ya kampuni ya Hughes, California.

Leza ya kwanza

Wakati huo makundi kadhaa ya wataalamu yalishindania kuunda leza. Wengi waliona yakuti nyekundu haifai, kwa sababu kipimo kimoja kilionyesha kwamba hupoteza karibu nishati yote inayopewa. Maiman alirudia kipimo hicho mwenyewe akakuta si sahihi. Alichukua kijiti cha yakuti iliyotengenezwa kiwandani, akapaka ncha zake fedha, akakizungushia taa ya mmweko kama zile za wapiga picha. Kifaa hicho kilitosha kushikwa mkononi, nacho kilitoa mwanga kwa mipigo mifupi.

Jarida la Physical Review Letters lilikataa makala yake. Ilichapishwa na Nature mwezi Agosti 1960. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1964 walipewa Charles Townes, Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov kwa misingi ya nadharia na kazi zao za awali. Maiman hakuipata kamwe, ila alipewa Tuzo ya Japani mwaka 1987.

Urithi

Leza nyingi za leo zenye mipigo mifupi mno hutumia fuwele ya jamii ileile ya yakuti, yenye titani badala ya kromi. Mwanga huvuka urefu wa Ziwa Nyasa kutoka ufuko wa Kyela hadi kusini, takriban kilomita 580, kwa sekunde 0.002 hivi, katika mpigo wa femtosekunde 10 husafiri mikromita 3 tu, chini ya unene wa unywele.

Mpigo mfupi wenye nguvu nyingi unaweza kuharibu fuwele yenyewe. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou walionyesha namna ya kuurefusha kwanza, kuukuza, kisha kuufupisha tena. Hata hivyo leza hizo zinahitaji uangalizi wa kila siku: vumbi kwenye kioo au badiliko dogo la joto hutosha kuharibu kazi.